Nibu Iliyolika Kushoto

Katika mji wetu mtu haulizwi ana miaka mingapi. Anaulizwa kama alizaliwa kabla ya Msafara au baada yake, na akishajibu hilo hana la kuongeza. Kalenda zinauzwa madukani, zina miezi na siku, lakini pale juu panapokaa mwaka pameachwa peupe, na hakuna anayelalamika. Mimi nilizaliwa kabla. Nimezeeka baada. Baina ya hayo mawili lipo jambo ambalo kwa muda mrefu niliamini silijui, na hadithi hii ni ya namna nilivyokuja kutambua kwamba nalijua.

Naitwa Haidari. Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya Mkuu wa mji, na nilipostaafu nikawa mtu wa kalamu. Simaanishi mwandishi. Namaanisha mtu anayekusanya kalamu za wino, za kale na za kisasa, akazilaza katika droo zilizotandikwa bafta nyeupe, akazitoa kila asubuhi kuzifuta na kuzitazama. Ninazo sitini na tatu. Zipo za mpira mgumu zenye wenzo mdogo ubavuni, ukiuinua kalamu inavuta wino kama mtoto anavyovuta titi. Zipo za shaba zilizopigwa nakshi. Zipo za siku hizi, za plastiki angavu inayoonyesha wino ukicheza ndani, na nyingine za kuchomeka vijitungi vilivyojazwa tayari kiwandani. Nazipenda zote, lakini siwezi kusema nazipenda sawa.

Kalamu mpya haina la kusema. Nibu yake, kile kichuma cha kuandikia, imekuja na ncha ya mviringo kama punje ya ulezi, haijamjua mtu. Lakini kalamu ya kale imeshaishi mkononi mwa mwenyewe. Akiandika nayo miaka kumi, ile ncha hulika kidogo kidogo kufuata mlalo wa mkono wake, mpaka inafika mahali mkono mwingine ukiishika inakwaruza na kugoma. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa hawaazimani kalamu. Nikipata kalamu ya zamani kwanza huitazama ncha kwa kioo cha kukuzia, nikajua: huyu alikuwa akikandamiza, huyu alikuwa na mkono mwepesi, huyu aliandika akiwa na haraka maisha yake yote. Mtu amekwisha oza, jina lake halikumbukwi na wajukuu, lakini ile tabia ya mkono wake imebaki katika chembe ya madini iliyo ndogo kuliko mchanga. Basi nani aliyekufa, na nani aliyebaki? Hilo ndilo swali nililokuwa nikilizungusha kichwani kwa starehe tu, kama mtu anavyotafuna karafuu baada ya kula. Sikujua kwamba swali nalo lilikuwa likinitafuna.

Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa Bi Zuwena. Kila baada ya sala ya alasiri nilikuwa nikienda barazani kwake, akanimiminia kahawa, tukazungumza habari za bei ya sukari na maradhi ya magoti. Mumewe, Shaame Vuai, alikuwa fundi wa kalamu, wa pekee mjini, na alikuwa mmoja wa wale watu arobaini waliochukuliwa siku ya Msafara wakavushwa ng'ambo ya mashamba ya chumvi. Kwa nini walichukuliwa, haikutangazwa. Walikwenda wapi hasa, haikutangazwa. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia Bi Zuwena kwamba mumewe amekufa, hakukaa eda. Na kwa kuwa mumewe hakurudi, hakuwa mke. Walikuja waume kumposa, kwa sababu alikuwa mwanamke mzuri, na wote aliwajibu jibu moja: "Nina mume, ila sijui yuko wapi." Hata uzeeni alikuwa akimtaja kama mtu aliyetoka kwenda sokoni. Shaame hapendi tangawizi nyingi. Shaame anasema mvua hii haifiki Ijumaa.

Mara moja moja aliniuliza. "Wewe, kaka Haidari, ulikuwa masjala. Hukuona karatasi yoyote?"

Nami nikimjibu, "Karatasi zilikuwa nyingi, Bi Zuwena."

Jibu hilo lilikuwa kweli. Nimejifunza kwamba ukweli unaweza kuwa kifuniko kizuri kuliko uongo, kwa sababu haukaguliwi.

Kisha Mkuu akafa. Alikuwa amekwisha zeeka mpaka watu wamesahau kwamba yu hai. Siku ya tano baada ya maziko, binti yake, Bi Thuwaiba, aliniletea ujumbe niende nyumbani kwao mlimani. Nilikwenda asubuhi. Nilimkuta amefungua madirisha yote, na vitu vya baba yake vimepangwa juu ya meza ndefu: miwani, saa, mihuri, fimbo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa uso, mwenye sauti ya chini.

"Nimesikia wewe hukusanya kalamu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alichukua kitu kilichoviringishwa katika kitambaa, akanipa bila kukigusa kwa vidole. Nilifungua. Ilikuwa kalamu ya mpira mgumu, ambayo zamani ilikuwa nyeusi na sasa jua limeigeuza rangi ya chai ya rangi, yenye pete ya dhahabu kiunoni. Sikuwahi kuona ya aina ile katika maisha yangu ya kukusanya. Moyo ulinidunda kama wa kijana.

"Bei yake utaniambia," nilisema.

"Haiuzwi. Ichukue tu."

"Mzee alikuwa akiandikia nini?"

Bi Thuwaiba alinitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Baba hakuwa mtu wa kuandika, Bwana Haidari. Alikuwa mtu wa kutia sahihi. Vitu vyake vyote nimeviosha kwa mkono wangu. Hicho sikukiosha. Nilimwachia mwenye nacho."

Nilidhani amekosea kusema. Nilishukuru, nikateremka mlima nikiwa nimeishika kalamu ndani ya mfuko wa kanzu, na njia nzima nilihisi mtu ameniwekea kidole kiganjani.

Kalamu ya kale huoshwa kwa maji ya baridi. Ukiitia maji ya moto unaiharibu. Unaitumbukiza nibu ndani ya bilauri, unaiacha, na wino uliokaukia ndani unaanza kushuka chini kwa nyuzi nyembamba, kama moshi uliosahau njia ya juu. Kwa kawaida ni kazi ya siku moja. Ikizidi sana, mbili. Siku ya kwanza maji yaligeuka buluu nzito, nikayamwaga. Siku ya pili yakageuka tena. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Nilikuwa nikibadilisha maji asubuhi na alasiri, na kila nikirudi nilikuta bilauri imejaa kiza. Kalamu ile ndani haina nafasi ya wino hata wa kijiko kimoja cha chai. Nilipiga hesabu ya maji yale nikaacha, kwa sababu hesabu ilikuwa ikinipeleka mahali nisipotaka kwenda.

Siku ya sita Bi Zuwena alipita kuniletea kipande cha mkate wa mofa, akaiona bilauri dirishani.

"Hiyo ina nini ndani?"

"Wino wa zamani tu. Hautaki kwisha."

Aliinama kuitazama. "Shaame anasema kalamu ikitoa wino zaidi ya siku tatu, basi ilifunikwa ikiwa bado ina neno."

Alicheka kidogo, akaenda zake. Mimi nilikaa nikitazama zile nyuzi zikishuka.

Asubuhi ya siku ya nane maji yalibaki meupe. Niliitoa kalamu, nikaifuta, nikaiacha ipate hewa, kisha nikakaa mahali penye mwanga na kioo changu cha kukuzia. Nilitarajia kukuta ncha nzima, maana mtu wa kutia sahihi tu hawezi kuila nibu. Nilikuta imelika vibaya. Kalamu ile ilikuwa imeandika, tena imeandika sana. Na ililika upande wa kushoto, kwa mlalo wa mtu anayeisukuma nibu badala ya kuivuta.

Mkuu alikuwa akitumia mkono wa kulia. Mji mzima ulimwona akipunga.

Mimi ni mashoto.

Nilijaza wino. Nilitaka kuijaribu kwa maneno ninayoyatumia kila siku kujaribia kalamu, *leo ni siku njema*. Niliiweka nibu juu ya karatasi, nayo haikukwaruza. Kalamu zangu zote sitini na tatu hunikwaruza kidogo, kwa kuwa zililika kwa mikono ya wengine, na nilikwisha zoea kudhani kwamba kuandika ndiko kulivyo. Hii iliteleza kama ulimi kinywani. Nilitazama mkono wangu, na mishipa ya uzee haikuwepo. Ulikuwa mkono laini wa karani mwenye hati nzuri, mwenye kifungo cha fedha katika mkono wa shati. Mkono huo haukuandika kwamba leo ni siku njema. Uliandika *40*, ukaweka nukta, ukaandika *Shaame Vuai*.

Niliandika chini yake: Wewe nani?

Mkono ukajibu: Karani.

Nani aliyekuamuru?

Niliambiwa arobaini.

Nani aliyekupa jina?

Hapo mkono ulisita. Nibu ilisimama mahali pamoja, na doa la wino likaanza kutanuka, likazidi kutanuka, kama shimo linalofunguliwa kutoka chini. Ndani ya doa lile nilikiona chumba. Siwezi kulieleza hili vizuri zaidi. Nilikiona chumba, nikawa ndani yake.

Ni asubuhi. Feni inazunguka. Mkuu ametoka ofisini mwake na karatasi tupu ambayo chini yake ameshatia sahihi. Ananipa karatasi, ananipa na kalamu yake kama kawaida. Yangu, ndogo ya kijani, imevunjika wenzo nami nimeipeleka kwa fundi. Amekuwa akiniachia hii yake mwaka wa kumi sasa kwa karatasi zote za namna ile. "Jaza, karani. Ni watu arobaini. Waandike kwa hati nzuri." Anatoka. Watu wa usalama wamekwisha niachia orodha. Naandika. Nafika mwisho wa orodha, nahesabu: thelathini na tisa. Nahesabu tena. Thelathini na tisa. Mara ya tatu nahesabu kwa kidole.

Mlango wa Mkuu uko hatua kumi na mbili. Ningeweza kwenda kubisha nikasema, Mheshimiwa, ni thelathini na tisa. Hata leo najiuliza niliogopa nini. Sikuogopa kufa. Niliogopa kuambiwa, karani gani wewe usiyeweza kukamilisha karatasi. Niliogopa uso wake ukikunjamana. Basi nikateremsha macho, na mezani, chini ya kiwiko changu, palikuwa na kile kikaratasi alichonipa fundi nilipopeleka kalamu, chenye jina lake kwa wino wa buluu. Nikaliandika. Lilienea vizuri katika mstari. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko yote: mtu anaweza kufanya jambo kama lile na herufi zake zikabaki nzuri.

Mwaka wa tatu baada ya Msafara iliingia masjala barua fupi kutoka ng'ambo ya chumvi. *Wote wamekwisha. Jalada lifungwe.* Nililifunga jalada. Niliandika juu yake LIMEFUNGWA, kwa kalamu hiyo hiyo. Kisha nikaanza kusahau, na kusahau nako ni kazi ya ukarani, kuna rafu zake na namba zake. Na nilipostaafu nikaanza kukusanya kalamu za watu, sitini na tatu, nikizitafuta ncha zao kwa kioo, nikimtafuta mwenye hatia katika mikono ya wengine wote.

Nilipoinua kichwa ilikuwa alasiri na wanaadhini.

Sikwenda msikitini. Nilikwenda moja kwa moja barazani kwa Bi Zuwena. Alikuwa amekwisha weka vikombe viwili. Nilibaki nimesimama.

"Kaa, kahawa itapoa," alisema.

"Bi Zuwena, leo sikai. Shaame hakuwemo katika orodha."

Alitua dele la kahawa chini.

"Orodha ilikuwa na watu thelathini na tisa. Wa arobaini nilimwandika mimi. Hakuna aliyeniambia. Jina lake lilikuwa mezani kwangu, kwa sababu nilimpelekea kalamu, nikaliandika ili hesabu itimie."

Aliniangalia kwa utulivu, kama mtu anayengojea mwenziwe amalize kukohoa.

"Alikuwa amekukosea nini?" aliuliza.

"Hakunikosea."

"Mlikuwa na maneno?"

"Hatukuwa na maneno. Alikuwa mtu mwema kwangu."

"Yuko hai?"

"Hayuko. Ililetwa barua mwaka wa tatu. Wote."

Alikunja mikono mapajani. Kwenye njia mtu alipita na baiskeli, akatuamkia, na Bi Zuwena akaitikia vizuri kabisa. Kisha akasema, "Basi mimi ni mjane tangu mwaka wa tatu. Na wewe umekuwa ukinywa kahawa yangu unajua."

"Nilikuwa nimesahau."

"Hukusahau. Ungesahau usingekuwa unakuja kila siku."

Aliinuka, akaingia ndani, akakaa sana. Nilisikia sanduku likiburutwa. Aliporudi alikuwa na kikopo cha bati, akakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kalamu moja tu, ndogo, ya kijani, imefungwa uzi na kikaratasi kimeandikwa *Tayari*.

"Siku ile aliyochukuliwa palikuwa na kalamu kumi na saba za watu," alisema. "Wote walikuja kuchukua zao, mmoja mmoja. Hii mwenyewe hakuja. Nikasema nimngoje, huenda ndiye mtu wa mwisho kuzungumza naye, huenda ana neno. Kumbe nilikuwa nikimmiminia kahawa."

Aliifungua uzi, akanipa. "Ijaribu. Shaame haitoi kalamu mpaka mwenyewe aijaribu."

"Bi Zuwena, siwezi."

"Ijaribu. Andika wote arobaini."

Alileta wino na daftari la hesabu za nyumbani, akapasua kurasa mbili. Nilikaa chini sakafuni, si juu ya kiti changu, nikaandika. Wenzo ulikuwa umetengenezwa vizuri sana. Ulirudi mahali pake bila sauti. Nilidhani sitayakumbuka majina. Niliyakumbuka yote, kwa mpango wake, pamoja na majina ya baba zao. Aliketi akinitazama mpaka nikaweka nukta ya mwisho. Hati yangu ilikuwa mbovu, imepanda na kushuka.

"Kesho, uwanja wa soko la ndizi, baada ya alasiri," alisema. "Nitawaambia watu mimi."

Akachukua kikombe changu, kilichokuwa bado kimejaa, akaimwaga kahawa ardhini nje ya baraza.

Siku ya pili walikuja. Sikujua kwamba nyumba arobaini ni watu wengi kiasi kile. Walikuwepo watoto wa wale arobaini, ambao nao sasa wana wajukuu. Walikuwepo wazee walioletwa kwa kushikwa mikono. Bi Thuwaiba alikuwepo, amesimama nyuma kabisa, na hakuna aliyemfukuza. Wauza ndizi walisukuma mikungu yao kando. Nilisimama juu ya jiwe wanapopimia, nikajitaja jina na kazi niliyokuwa nikiifanya, nikasema lililoandikwa katika barua ya mwaka wa tatu, nikaanza kusoma.

Kila nilipotaja jina, mtu mmoja katika umati alisema, "Wetu." Hakuna aliyepiga kelele. Nilisoma, wakajibu wetu, nikasoma, wakajibu wetu. Kwa baadhi ya majina palikuwa kimya, maana hakubaki mtu, ndipo jirani yeyote akasema kwa niaba yao. Wengine walianza kulia kwa sauti ya chini, ile ya watu waliochelewa kulia na hawajui waanzie wapi. Walipopata jina lao waliondoka polepole kwenda kutandika mikeka ya matanga.

Nilifika wa arobaini.

"Shaame Vuai."

Bi Zuwena alikuwa mbele yangu, hatua mbili, kajitanda kanga nyeupe isiyo na maandishi.

"Sijasikia," alisema.

"Shaame Vuai."

"Kaandikwa na nani?"

"Na mimi. Haidari, karani."

"Soma tena."

Nilisoma tena. Aliniuliza tena kaandikwa na nani, nikajibu. Soma tena. Nilisoma. Watu walikuwa wakipungua, kivuli cha paa la soko kilikuwa kimenifika miguuni, kikapanda magotini. Sauti ilinikauka ikawa mkwaruzo, kama nibu ya mtu mwingine. Mara fulani katika kusoma huko, sijui ya ngapi, jina lile liliacha kuwa neno. Nilimwona mtu mwenyewe, mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa uzi, ananipa kikaratasi na kuniambia njoo Alhamisi. Niliacha kusoma.

"Soma tena," Bi Zuwena alisema.

"Shaame Vuai."

Ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida, ile anayokaribishia wageni, "Wetu."

Akajifunika uso, akageuka, akaenda nyumbani kwake kukaa eda. Wanawake wawili wa ukoo wake walimfuata, mlango ukafungwa, na kwa miezi minne na siku kumi hakuna mwanamume wa nje atakayemwona. Mimi nilibaki juu ya jiwe na kurasa mbili mkononi. Uwanja ulikuwa mtupu, na hakuna aliyeniambia niache. Nikarudi namba moja, nikaanza kusoma.